Jina la Ubatizo na Jina la Nyumbani

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mama mmoja, mjane wa askari, akiteremka kutoka vilimani juu ya Kisinga. Alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake hati tatu za marehemu mumewe. Cheti cha ubatizo kilimtaja Yohana Bwambale. Karatasi za kazini zilimwandika Bwambale J. Cheti cha shule ya msingi, alichokipata utotoni alipolelewa na wajomba zake ng'ambo ya Mpondwe, kilisema Kambale, basi. Mume alikuwa mmoja na watoto ni wanne, lakini kiinua mgongo kilikuwa kimesimama kwa sababu karatasi zilionyesha watu watatu.

Msomaji asiyezaliwa milimani huenda akashangaa. Kwetu Wakonzo mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mtoto wa kike akizaliwa baada ya mfululizo wa wavulana, au wa kiume baada ya wasichana, huitwa Muhindo, yaani aliyegeuza. Kwa ndugu zetu Wanande wa Kongo, Bwambale hutamkwa Kambale, Masereka ni Kasereka, na Kule ni Kakule. Karani ajuaye desturi hii hatasumbuka. Asiyeijua atamrudisha mjane nyumbani mara tano.

Wapo Wakristo wadhanio kwamba jina la nyumbani ni la kipagani na halifai kuandikwa kanisani. Nawauliza: mwasalije? Biblia ya Lukonzo humwita Mungu kwa jina la Nyamuhanga, yaani Muumba, na jina hilo wazee walilitamka kabla ya kanisa la kwanza kujengwa huku. Kitasamba, ambaye wazee walisema anakaa kwenye theluji ya Rwenzori, hakuingizwa kanisani, Nyamuhanga aliingia.

Wajapani nao walipambana na jambo hilo. Padri Francis Xavier alipofika kwao mwaka 1549, kwanza alimhubiri Mungu kwa jina la Dainichi. Alipotambua kwamba hilo ni jina la Buddha, akalitupa na kutumia Deus la Kilatini. Hata hivyo, Wakristo wa Japani leo husema Kami, neno lile lile ambalo wafuasi wa Shinto hulitumia kwa wenye kuabudiwa wa milima, mito na wahenga.

Hata Apolo Kivebulaya, mwinjilisti aliyefika Mboga mwaka 1896, alibeba majina ya kila namna. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa kwa desturi ya Waganda. Alikuwa askari kabla ya kuwa mhubiri. Apolo alipewa katika ubatizo mwaka 1895, na Kivebulaya, maana yake kitu cha Ulaya, ni lakabu iliyotokana na koti alilopenda kulivaa. Omusinga wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, aliyetambuliwa na serikali mwaka 2009, ana jina la mtunzi wa tenzi wa Kiingereza pamoja na jina la kifungua mimba wa Kikonzo.

Sasa turudi kwa Kambale asiye na Yohana. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Rais Mobutu mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, na Kardinali Joseph Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma kwa muda. Mtoto aliyesoma huko katika miaka ya themanini aliandikwa jina la nyumbani tu, hata kama huku Uganda alikuwa amekwisha kubatizwa. Marehemu hakudanganya mtu. Alivuka mpaka, na jina lake likapunguzwa njiani.

Enyi askari na polisi, fungueni masanduku yenu wangali hai wa kuulizwa. Linganisheni cheti cha ubatizo, kitambulisho, hati ya ndoa na karatasi za kazini. Panapotofautiana, kuleni kiapo mbele ya wakili mapema, mkitaja majina yote kuwa ya mtu mmoja. Mjane akifanya kazi hiyo peke yake hutumia nauli nyingi na machozi mengi.

Mama yule tulimwelekeza amlete mwenyekiti wa kijiji na katekista aliyeshika daftari la ubatizo wa mumewe. Alirudi Jumanne pamoja nao wote wawili, na kiapo kikaandikwa. Kabla ya kuondoka aliomba kalamu. Mwanawe wa mwisho, mwana wa tatu, alikuwa bado hajabatizwa, akataka tumsaidie kuandika jina atakalolipeleka kanisani. Akatutajia herufi moja moja, taratibu: Petro Masereka.