Bakuli la Kikorea Lililoteka Nyoyo za Wajapani

Katika hekalu dogo la Koho-an, mjini Kyoto, limehifadhiwa bakuli moja la udongo ambalo serikali ya Japani imelitia katika orodha ya hazina za taifa. Anayelitazama kwa mara ya kwanza huenda akashangaa. Limekwenda upande kidogo, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na kwenye kitako dawa iliyopakwa imekunjamana ikafanya vipele mithili ya ngozi ya taa. Upana wake ni kama sentimita 15 tu. Jina lake ni Kizaemon, kwa jina la mfanyabiashara wa Osaka aliyepata kulimiliki. Lakini halikufinyangwa Japani. Lilitoka Korea katika karne ya 16, na aliyelifinyanga hajulikani.

Yalifikaje makuu haya? Sharti kwanza tuijue chai yenyewe. Si hii yetu ya maziwa na iliki. Majani husagwa yakawa unga, yakatiwa maji ya moto bakulini, kisha yakapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi hadi yatoke povu. Mgeni hupokea bakuli kwa mikono miwili, akalizungusha, akanywa, na baada ya kunywa akalitazama kwa taadhima. Kila kitendo kina adabu yake.

Zamani mabwana wa Kijapani walivipenda vyombo vya Uchina, vilivyonyooka na kung'ara. Mabadiliko yaliyoanzishwa na wengine kabla yake yalikamilishwa na Sen no Rikyu (1522-1591). Yeye alikipunguza chumba cha chai hata kikawa cha mikeka miwili, na mlango akaufanya mdogo hivi kwamba hata shujaa wa vita alilazimika kuacha upanga nje na kuingia kwa kutambaa. Katika chumba kama hicho, chombo cha fahari kilikuwa sawa na joho la zari ndani ya kibanda cha makuti. Mabakuli ya Korea ndiyo yaliyofaa.

Mwandishi Yanagi Soetsu, aliyelitazama Kizaemon mwaka 1931, alishikilia kwamba lilikuwa bakuli la chakula la maskini, lililofinyangwa na mtu asiyewaza uzuri, na ndiyo maana likawa zuri. Wataalamu wengine hawakubali. Wapo wasemao vyombo hivyo vilikuwa vya ibada. Mwandishi huyu naye ana shaka. Sifa ile ya Yanagi ina dharau ndani yake, kana kwamba Mkorea hakujua alitendalo. Mkono uliokwisha kuzungusha gurudumu miaka na miaka haubahatishi.

Basi mapenzi hayo yakaingia damu. Mtawala Toyotomi Hideyoshi, mpenzi mkubwa wa chai, ambaye mwaka 1591 alimwamuru Rikyu ajiue, alipeleka majeshi Korea mwaka 1592, na tena mwaka 1597. Alipofariki mwaka 1598 majeshi yakarudi, na mabwana wa vita wakarudi na mateka. Miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi pamoja na jamaa zao. Wajapani wenyewe huviita vita vya ufinyanzi. Jina zuri kwa jambo baya!

Huko Hagi, ndugu wawili, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, waliwekwa chini ya ukoo wa Mori. Mabakuli ya Hagi hunywa chai taratibu kupitia nyufa ndogondogo, na rangi yake hubadilika kadiri yanavyotumika. Huko Arita, yasimuliwa kwamba Yi Sam-pyeong aligundua udongo mweupe mnamo mwaka 1616, na Japani ikaanza kufanya kauri yake yenyewe. Watu wa mji huo walimjengea mnara mwaka 1917. Karatsu nako kulijaa gurudumu la kusukumwa kwa mguu na tanuri ndefu zipandazo kilima, yote mambo ya Kikorea. Wapenzi wa chai huyataja mabakuli ya Raku kwanza, Hagi pili, Karatsu tatu. Katika hayo matatu, mawili yana asili ya mateka na wahamiaji wa Korea.

Waliopelekwa Satsuma, kusini kabisa, walitekwa Namwon. Katika kijiji chao cha Naeshirogawa waliamriwa na mabwana wao kushika majina na mavazi ya kwao, wakakaa vizazi na vizazi wakiwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Vyombo vyao vya awali huitwa hibakari, maana yake "moto tu": udongo ulitoka Korea, dawa ya kupaka ilitoka Korea, mikono ilikuwa ya Wakorea, na kilichokuwa cha Japani ni moto peke yake. Mwaka 1998, ilipotimia miaka 400, Shim Su-gwan wa kumi na nne katika ukoo wake aliwasha tanuri kijijini hapo. Safari hiyo moto ndio ulioletwa kutoka Namwon.