Serikali Mpya, Bomba Lile Lile: Uchaguzi Hubadilisha Nini Katika Huduma za Maji?

Kila baada ya uchaguzi mkuu, swali moja huzuka kwenye foleni za vioski vya maji: je, sasa bei ya mtungi itashuka? Wakenya wanatarajiwa kupiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027. Ni vyema wakazi wafahamu mapema ni mambo gani serikali mpya ya kaunti inaweza kubadilisha, na ni yapi hayabadiliki kwa tamko la gavana.

Majukumu yamegawanywa vipi?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Haki hiyo haikomi muhula wa kiongozi unapokwisha. Kaunti ndiyo yenye jukumu la kusambaza maji, na hutekeleza kazi hiyo kupitia kampuni za maji inazozimiliki. Serikali ya kitaifa inasimamia ulinzi wa vyanzo vya maji na miradi mikubwa inayovuka mipaka ya kaunti.

Pwani ni mfano mzuri. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Taita Taveta, na mengine hupigwa pampu kutoka visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, Kilifi. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, kabla ya uhuru, na limehudumu chini ya kila serikali tangu wakati huo. Gavana mpya hulirithi bomba hilo pamoja na uchakavu wake.

Yanayoweza kubadilika

Gavana mpya huteua waziri wa maji wa kaunti, ambaye huidhinishwa na bunge la kaunti. Kaunti ikiwa mmiliki, ina usemi pia kuhusu wakurugenzi wa kampuni ya maji. Serikali mpya vilevile huandaa Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti (CIDP) wa miaka mitano. Mradi ambao haumo katika mpango huo ni vigumu kutengewa fedha.

Hata hivyo, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Serikali inayoingia baada ya uchaguzi wa Agosti hukuta bajeti iliyokwisha kupitishwa. Ikitaka kuigeuza, lazima ipeleke bajeti ya ziada mbele ya bunge la kaunti.

Yasiyobadilika kwa tamko

Bei ya maji haipangwi jukwaani. Kampuni huwasilisha ombi, wananchi husikilizwa, kisha Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) huamua. Madeni nayo hayafutiki, kwa sababu ni ya kampuni wala si ya gavana aliyeondoka.

Kwa hiyo, ahadi ya maji ya bure inapaswa kuulizwa swali moja: nani atalipa? Pampu hutumia umeme, na maji hutiwa dawa kabla ya kunywewa. Kaunti isipotenga fedha za kuziba pengo hilo, bili ya umeme hulimbikizwa, pampu husimama, na mkazi hurudi kununua maji kwa mchuuzi kwa bei ya juu zaidi.

Nafasi ya mkazi

Wakazi wanahimizwa kuhudhuria vikao vya umma kuhusu CIDP, bajeti na bei ya maji. Matangazo ya vikao hivyo yanaweza kuulizwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Katika kikao, mkazi ana haki ya kuuliza: mradi wa bomba ulioachwa nusu umetengewa kiasi gani mwaka huu? Kampuni inadaiwa kiasi gani? Ni maji kiasi gani hupotea kwa mabomba kuvuja na kwa wizi?

Maswali hayo hayana chama. Yakiulizwa kila mwaka, mradi ulioanzishwa na serikali moja una nafasi bora ya kumalizwa na nyingine, na maji yakafika mferejini.