Pistoni za Turbo Zinunuliwe Baada ya Kipimo

Ingia kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au Gerezani jijini Dar es Salaam, uulizie pistoni za Subaru yenye turbo. Muuzaji atakuuliza papo hapo: standadi au oversaizi? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba mnunuzi mara nyingi hulijibu kwa kubahatisha, kwa kuwa bloku ingali kwa fundi na haijapimwa. Fedha za ovaholi huanza kupotea hapo, kabla hata mashine ya kuchonga silinda haijawashwa.

Soko lenyewe lina sababu ya kuwapo. Injini za ukoo wa EJ zilianza mwaka 1989 na Subaru Legacy, na EJ20 ya turbo iliendelea kuuzwa Japani hadi toleo la mwisho la WRX STI lililotangazwa mwaka 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo Forester ya 2007 ilifungiwa mlango katikati ya muongo uliopita. Zilizobaki barabarani zimekula kilomita nyingi, na wenyewe hawataki kuachana nazo. Wana njia mbili: kununua injini iliyotumika kutoka Japani bila kujua ilitunzwaje, au kuifufua waliyonayo.

Anayechagua kuifufua asiridhike na jina EJ20 peke yake. EJ207 ya STI na EJ20X ya Legacy GT zote zina silinda ya kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75. Pistoni ya moja itaingia kwenye tundu la nyingine bila ubishi. Lakini STI ya Japani ilitengenezwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 8.0, na Legacy GT kwa 9.5. Pistoni inapofika juu kabisa, ya kwanza huacha nafasi ya takriban sentimita za ujazo 71, ya pili 59. Nafasi hiyo huundwa na silindahedi pamoja na uso wa pistoni, hivyo ukichanganya vipuri vya injini hizi mbili bila hesabu, hujui umeunda injini gani. Mgandamizo ukipanda huku turbo ikisukuma hewa ileile, injini huanza kugonga. Injini hizi zilipangiwa petroli bora ya Japani, ambayo kiwango cha nchi hiyo kinataka okteni isiyopungua 96. Kwenye vituo vyetu vingi hupati hiyo.

Pistoni ya zamani ndiyo shahidi wa kwanza. Isafishe masizi usome maandishi ya juu: mshale unaoonyesha upande wa mbele, herufi ya daraja la ukubwa, na oversaizi ya milimita 0.25 au 0.50 kama injini ilishawahi kuchongwa. Linganisha na mpya kipenyo cha pini, kimo kutoka katikati ya pini hadi juu, umbo la bakuli na mifuko ya valvu. Namba ya injini hukuambia ilivyotoka kiwandani tu; haikuambii nani aliifungua baadaye.

Kisha silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili, ili ijulikane kama imepanuka au imekuwa yai. Kipimo ndicho kinachosema 0.25 inatosha au lazima 0.50. Ukienda 0.50, EJ20 inatoka sentimita za ujazo 1994 hadi kama 2016, ongezeko ambalo dereva hatalihisi; anachopata ni silinda iliyonyooka. Baada ya hapo ndipo zinunuliwe pistoni, na mchongaji apewe zikiwa mkononi, amalizie kila silinda kulingana na pistoni yake, kwa kuwa nafasi kati yake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Bloku ya EJ ni ya alumini yenye slivu za chuma, na hujipinda kidogo silindahedi inapokazwa. Karakana makini hufunga bamba zito juu ya bloku wakati wa kuchonga ili kuiga mkazo huo. Uliza kama wanalo.

Kuhusu aina, ushauri wa vijiweni kwamba pistoni za kufuliwa ni bora daima haunishawishi. Zilizofuliwa kwa aloi ya 2618 hustahimili mapigo makali, lakini hutanuka sana zikipata moto. Hudai nafasi kubwa zaidi, na asubuhi injini hubisha hodi hadi ipate joto. Aloi ya 4032, yenye silikoni ya takriban asilimia 12, hutanuka kidogo na hufaa zaidi gari la kila siku. Kwa anayepeleka watoto shule bila kuongeza presha ya turbo, pistoni nzuri za kusubu kama za kiwandani zinatosha. Udhaifu wake ni ukingo mwembamba kati ya ringi: injini ikigonga, humeguka. Pengo la ringi likiwa dogo mno huleta balaa hilohilo, kwani ncha hukutana zikipata moto na kusukumana. Kikaratasi cha mtengenezaji wa pistoni ndicho kifuatwe, si mazoea ya fundi.

Biashara hii ina mgawanyo mbaya wa hatari. Muuzaji ameshapata faida yake, mchongaji ameshalipwa, na injini ikivunjika mwenye gari hubaki peke yake. Maduka yangejenga jina kwa kuruhusu pistoni zote nne zipimwe kwa maikromita kaunta, na kuzipokea tena zikipishana. Boksi peke yake halithibitishi kitu, hasa sasa ambapo kampuni za ringi za pistoni, Riken na Nippon Piston Ring, ziliungana mwaka 2023 na mnunuzi hukutana na majina ya zamani na mapya rafuni. Na mchongaji aandike vipimo vya kila silinda kwenye karatasi yenye muhuri wake, ambayo mteja ataondoka nayo pamoja na bloku.