Vioo vya Mapambo kwenye Bakuli la Moto wa Gesi: Swali la Ujazo na Densiti

Swali. Fundi wa kuchomelea wa Mchikichini, Dar es Salaam, ametengeneza bakuli la chuma la moto wa gesi. Bakuli ni mche duara wenye kipenyo cha ndani cha sm 70. Mteja anataka vipande vya kioo vya mapambo vijazwe humo kwa kina cha sm 8. Vipande vinauzwa kwa mifuko ya kg 20. Densiti ya kioo ni g 2.5 kwa kila sm³. Kopo la lita 1 likijazwa vipande hivyo, vipande vilivyomo vina tungamo la kg 1.5. Mteja anunue mifuko mingapi? (Tumia π = 22/7.)

Usishangae nani anaota moto Dar es Salaam. Bakuli kama hili huwekwa bustanini ili lipendeze usiku. Bomba lenye matundu hulazwa chini, vioo hulifunika, na mwali hutokea katikati ya vioo.

Anza na eneo la kitako. Kipenyo ni sm 70, kwa hiyo nusu kipenyo ni sm 35.

Eneo = 22/7 × 35 × 35 = sm² 3,850
Ujazo = 3,850 × 8 = sm³ 30,800 = lita 30.8

Mtahiniwa anayeweka 70 mahali pa 35 atapata ujazo mara nne ya huu, kwa sababu nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe. Jibu lake la mwisho litakuwa kg 184.8, karibu mifuko minne ya saruji ya kg 50. Bakuli la sm 70 haliwezi kubeba hivyo kwa kina cha sm 8. Ukipata jibu la namna hiyo, rudi ukague.

Sasa tufike penye mtego. Swali limetoa takwimu mbili, 2.5 na 1.5, na anayekimbilia fomula ya tungamo = densiti × ujazo atachukua ile yenye jina la densiti:

30,800 × 2.5 = g 77,000 = kg 77

Hesabu imekwenda sawa, lakini jibu si sahihi. Densiti ya g 2.5 ni ya kioo kitupu, kisicho na nafasi ndani yake. Bakuli halijazwi kioo kitupu. Linajazwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna hewa. Jambo hili unalijua tangu utotoni: gunia la mkaa limejaa mpaka juu, lakini ukilitikisa mkaa unashuka. Gunia ni lilelile na mkaa ni uleule, ila hewa imepungua.

Hewa hiyo inapimika. Kg 1.5 za kioo chenye densiti ya 2.5 zina ujazo wa 1,500 ÷ 2.5 = sm³ 600. Kopo ni sm³ 1,000. Kwa hiyo sm³ 400 ni nafasi tupu. Ukitaka kuona kwa macho, mimina maji polepole kwenye kopo lililojaa vipande mpaka yafike ukingoni, kisha ligonge ili viputo vitoke. Yataingia kiasi cha mililita 400. Jaribio hili linahitaji kopo na mizani tu, na linafaa kufanywa nyumbani kabla ya mtihani.

Kwa hiyo tunatumia kipimo cha kopo, kg 1.5 kwa lita:

30.8 × 1.5 = kg 46.2
46.2 ÷ 20 = 2.31

Ukikadiria kwa kanuni ya kawaida utaandika mifuko 2, na bakuli litapungukiwa kg 6.2. Duka haliuzi 0.31 ya mfuko. Jibu ni mifuko 3. Aliyetumia kg 77 angenunua 4 na kutupa fedha ya mfuko mzima.

Je, bomba lenyewe halichukui nafasi? Linachukua. Tuseme ni duara la kipenyo cha sm 42, na bomba lina unene wa sm 2. Urefu wake ni 22/7 × 42 = sm 132, na ujazo wake ni kama sm³ 415, sawa na kg 0.6 za vipande. Mifuko inabaki 3, kwa hiyo mteja anaweza kulipuuza. Katika mtihani, lipuuze tu kama swali halikulitaja.

Fundi mzoefu hatajaza vioo sm 8 zote. Ataweka chini mawe makavu ya volkano yenye matundu, sm 5, na vioo juu sm 3. Mawe ni 3,850 × 5 = sm³ 19,250, yaani ndoo moja ya lita 20 inatosha. Vioo ni lita 11.55, sawa na kg 17.325: mfuko mmoja badala ya mitatu.

Na asivunje chupa za soda ili kuokoa fedha. Kioo cha kawaida kikipata joto upande mmoja hutanuka bila usawa, kikapasuka na kurusha vigae. Kinachofaa ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha madirisha ya pembeni ya gari.

Zoezi. Bakuli la mstatili lina urefu wa sm 90 na upana wa sm 40. Vipande vilevile vinatakiwa kwa kina cha sm 4.
(a) Inahitajika mifuko mingapi ya kg 20?
(b) Mteja akinunua mfuko mmoja tu, kina kitakuwa sm ngapi?

Majibu: (a) kg 21.6, mifuko 2. (b) sm 3.7.