Iodini 131: Tezi Haina Macho ya Kubagua

Chumvi yenye madini joto tunayonunua dukani ina iodini 127. Kiini cha atomu yake kina protoni 53 na nyutroni 74, nacho kimetulia. Ongeza nyutroni nne, unapata iodini 131. Hiyo nayo ni iodini, maana elementi hutambuliwa kwa idadi ya protoni, ila kiini chake kimelemewa. Siku moja nyutroni mojawapo hugeuka protoni, chembe ya beta huchomoka kwa kasi, kwa kawaida ikifuatwa na mionzi ya gama, na kinachobaki ni zenoni, gesi isiyo na mnururisho.

Siku ipi? Kwa atomu moja hakuna ajuaye. Kwa mabilioni ya atomu hesabu haikosei: kila siku nane, nusu ya zilizobaki huwa zimeshageuka. Baada ya siku 80 hubaki takriban moja kwa elfu.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hufyonza iodini ili itengeneze homoni. Haiwezi kutofautisha isotopu hizi, yaani iodini 127 na 131, kwani kikemia ni kitu kimoja. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986 ilionyesha ubaya wa kutobagua huko: iodini 131 iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na maelfu yao baadaye wakapata saratani ya tezi. Wakati huo Poland iliwapa watoto zaidi ya milioni 10 iodini ya kawaida, tezi zao zishibe zisifyonze ile mbaya.

Upofu huohuo wa tezi ndio wanaoutumia madaktari. Daktari Saul Hertz alianza kutibu wagonjwa kwa iodini yenye mnururisho huko Boston mwaka 1941. Leo mgonjwa wa tezi iliyozidisha kazi, au wa saratani ya tezi, humeza kidonge tu. Beta husafiri milimita mbili hivi tu, hivyo huunguza tezi yenyewe na kuacha sehemu kubwa ya shingo salama. Kwangu mimi, ni tiba chache zinazolenga vizuri hivi bila kisu.

Gama, hata hivyo, hutoka mwilini. Ukipewa dawa hii, kaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku utakazoambiwa. Na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla hujaimeza.