RANGI YA ZAMANI KATIKA VYOMBO VYA MBAO

Katika nyumba za Waislamu hapa Kasense hazikosi marfaa za kuwekea Msahafu, visanduku vya uzi na sindano, na vibao vya watoto wa chuoni. Vyombo hivi hupakwa rangi kila Idi ikaribiapo, rangi juu ya rangi, hata nakshi zikafukiwa na rangi yenyewe ikaanza kubanduka. Hapo mwenye nyumba hutwaa msasa akakwangua barazani, na watoto wamemzunguka. Jambo hili twaona yatupasa kulisemea.

Zamani viwanda vilitia madini ya risasi katika rangi ya mafuta, ili ing'ae, ikauke upesi na kudumu. Rangi nyeupe, ya manjano na nyekundu ndizo zilizotiwa zaidi. Risasi ni sumu, na hayo si maneno ya jana: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi ya majumbani mwaka 1978. Nchi nyingi nyingine zilichelewa mno.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Humwingia mtoto kwa vumbi, na kwa vidole avitiavyo kinywani. Hudhuru ubongo wake, akawa mzito wa kujifunza, wala madhara hayo hayaponi. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Jicho haliwezi kuitambua rangi yenye risasi. Basi kila rangi ya zamani na ihesabiwe kuwa inayo.

Swali la kwanza ni hili: je, yapasa kuiondoa? Ikiwa rangi imeshika vema na imechafuka tu, kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni chatosha. Ikiwa rangi ni ya fundi wa kwanza, au ina maandishi, afadhali iachwe, maana ikiisha kutoka hairudi. Lakini ikibanduka mahali pafikiwapo na watoto, hapana budi kuiondoa.

Mambo matatu twayakataza. Usikwangue kwa msasa mkavu, kwani vumbi lake ndilo baya zaidi. Usiunguze rangi kwa moto, kwani moshi wake una sumu. Wala usitumie ile soda kali ya watengeneza sabuni, kwani huunguza ngozi na kupofusha macho.

Njia iliyo salama zaidi ni ya maji. Fanya kazi nje, mbali na kisima na bustani ya mboga. Watoto na wenye mimba wasikaribie. Tandika nailoni, vaa glavu za mpira. Koroga magadi ya kufulia kwa maji ya moto na unga kidogo hata yawe uji mzito. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa magadi hutia weusi baadhi ya mbao. Ikiwa ni salama, paka uji huo, funika kwa nailoni usikauke, uache saa kadhaa. Kisha kwangua taratibu kwa kisu butu, ukifuata nyuzi za mti. Katika nakshi tumia kijiti na mswaki mkuukuu. Rangi ngumu yataka kurudiwa mara mbili au tatu.

Marfaa iliyopasuliwa katika ubao mmoja, isiyo na gundi wala msumari, huvumilia kazi hii. Kisanduku kilichogandishwa kwa gundi kitaachana. Hicho kikwanguliwe kwa kulowanishwa kidogo kidogo tu.

Ukiisha, futa kwa kitambaa kibichi, kisha kwa maji yenye siki kidogo kuondoa ukali wa magadi. Anika kivulini, jua na upepo wa kiangazi cha Ufipa hupasua mbao. Mabaki yote yakunje ndani ya nailoni, uyatupe pamoja na taka za mji. Usiyachome wala usiyamwage shambani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Mbao iliyokauka yatosha kusuguliwa kwa nta ya nyuki. Nakshi zitaonekana, na uzuri wa mti utajisemea wenyewe. Lakini ukitaka kupaka upya, muulize mwenye duka rangi isiyotiwa risasi, na usome maandishi ya mkebe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yashauri risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Ndugu wazazi, Idi ijayo tuulize swali hilo kabla ya kutoa fedha, kwani chombo hicho kitashikwa na mikono ya watoto wetu kila siku.