Kichocho cha tumbo: Dawa inaua minyoo, lakini vipi madhara yanayobaki?

Kwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na watoto wanaooga mialoni, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, kichocho si ugonjwa wa kusoma vitabuni tu. Wengi wameshameza kingatiba ya prazikwanteli. Dawa hiyo inaua minyoo, ila haifuti papo hapo madhara ambayo mayai yake yameshaacha mwilini.

Inakuwaje?

Vimelea wanaotoka kwa konokono hupenya ngozi mtu akiwa majini. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na jike mmoja anaweza kutaga mayai takribani 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine hunasa kwenye utumbo na ini.

Mwili huyashambulia, na hapo uvimbe wa muda mrefu huanza: tumbo kuuma, kuhara, hata choo chenye damu. Ini nalo huota makovu.

Antioksidanti zinaingiaje hapa?

Katika mapambano hayo, seli za kinga humwaga kemikali kali za oksijeni. Zikizidi, zinaumiza hata sehemu za mwili zilizo nzima. Antioksidanti huzituliza.

Watafiti nchini Misri walijaribu silimarini, antioksidanti ya mmea, kwa panya wenye kichocho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ikitumika pamoja na prazikwanteli, makovu ya ini yalipungua.

Habari njema? Ndiyo, ila subiri kwanza.

Kumbe mnyoo nao una kinga yake ya antioksidanti, inayousaidia kuishi ndani ya damu. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba kemikali inayozima kinga hiyo huua minyoo ndani ya panya. Yaani kitu kinachomlinda mgonjwa ndicho hicho mnyoo unachokitegemea. Ndiyo maana lazima kipimwe kwa wanyama kwanza: kipi, kiasi gani, na wakati gani.

Ufanye nini sasa?

Panya kupona si ruhusa ya kununua vidonge vya "kusafisha tumbo" mtaani. Tumbo likisumbua au ukiona damu chooni, nenda kituo cha afya upimwe choo. Na kumbuka, prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga, wala haizuii maambukizi mapya ukirudi ziwani.